Umri Niliouhesabu kwa Jando

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwaga wino. Mwalimu Mkuu wa shule moja ndogo pale Mkomaindo, Masasi, alinikabidhi chupa, kalamu ya nibu na daftari kubwa lenye jalada gumu. Akaniambia hicho ndicho kitabu cha kuandikisha wanafunzi, na kwamba shule yaweza kukosa chaki, ikakosa hata mwalimu, lakini ikikosa kitabu hicho si shule tena. Niliitikia "Ndiyo, Bwana" kwa adabu nyingi mno, kiwiko kikagonga chupa, meza nzima ikawa bluu.

Hakunikaripia. Alinipa kitambaa, na nilipokuwa nafuta akanifundisha sheria ya kwanza ya ukarani. Kosa kitabuni halifutwi kwa raba wala halikwanguliwi kwa wembe. Hupigwa mstari mmoja wa wino mwekundu, neno lililokosewa liendelee kusomeka, kisha karani hutia sahihi pembeni ili kila mtu ajue aliyekosea ni nani. Ninyi wajukuu zangu mnaobonyeza kitufe neno likatoweka hamtajua jinsi mstari ule mwekundu ulivyokuwa ukituumiza.

Nilikuwa mwalimu-karani, maana yake asubuhi nafundisha hesabu na mchana naandika. Safu iliyotusumbua ilikuwa ya umri. Wazazi wa wakati ule hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Ukimuuliza mtu mwanawe ana miaka mingapi, anakuonyesha kimo kwa mkono. Kwa hiyo makarani tulikuwa na njia yetu. Tuliuliza mtoto alitoka jandoni mwaka gani, tukamhesabia alitoka akiwa na miaka kumi, tukajumlisha miaka iliyopita tangu hapo. Kwa watoto wa Masasi njia hiyo haikukosea sana. Nami nilijiona fundi.

Baada ya miaka mitatu Mkaguzi wa Shule alinihamishia shule ya kati huko juu Newala. Mimi Myao wa bondeni nilifika uwandani nikakuta watu wanateremka genge zima, ule mteremko mkali wa ukingo wa uwanda, kufuata maji, kisha wanapanda na mtungi kichwani, na bado wana nguvu za kukutania. Hapo ndipo nilipokutana na mwalimu Mwingereza ambaye watu walimpa jina la Bibi Kimya.

Bibi Kimya alikuwa wa Marafiki, dhehebu la Kikristo ambalo watu wake hawashiki silaha, na ibada yao ni kukaa kimya mpaka mmoja wao aone ana neno la kusema. Hawaapi kiapo pia. Alinieleza kwamba mtu akiapa leo kusema kweli, utajiuliza jana alikuwa akisemaje. Alikuwa mrefu, mkaidi, mpenzi mkubwa wa mihogo ya kuchoma, na alikuwa na mambo mawili asiyoyaacha. La kwanza, wanafunzi wasiandikishwe jeshini wakiwa bado darasani, wala bila wazazi kuulizwa. La pili, watoto wa wageni waliovuka Ruvuma kukimbia kazi za kulazimishwa za Mreno wapewe nafasi shuleni kama wenyeji.

Kazi ya hayo yote ilinishukia mimi. Yeye alisema, mimi nikaandika kwa Kiswahili cha kueleweka, tukachapa kwenye mashine ya kudurufu iliyotupaka wino mpaka masikioni, kisha Jumamosi tukatembea kijiji kwa kijiji kuwasomea wazazi. Watu walisikiliza habari za jeshi kwa makini. Habari za wageni walizipokea kwa mguno. Waliwaita Wamavia, jina lenye dharau ndani yake, wakasema maji yenyewe hayatutoshi. Wakulungwa, yaani wazee wenye ardhi, walipokuja shuleni kulizungumza jambo hilo, Bibi Kimya aliwaomba waanze kwa kunyamaza. Nilidhani watacheka. Kumbe wazee wa Kimakonde wanajua kunyamaza kuliko Mwingereza yeyote! Walikaa mpaka kivuli cha bendera kikahama, ndipo mmoja akasema kwamba babu yake naye alikuja uwandani huku akikimbia, na kwamba mtoto hanywi mtungi mzima. Wiki ile niliandikisha watoto tisa wa wageni.

Mmoja wao alikuwa Chilumba. Mama yake, mwenye chale usoni na ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu, alikuja naye, akanipa shikamoo ingawa mimi ndiye niliyestahili kumpa. Nikamuuliza mwanawe alitoka jandoni lini. Akasema miaka minane iliyopita. Nikajumlisha na kumi, nikaandika 18. Kijana alikuwa mrefu kama mlingoti, sikuona sababu ya kuuliza zaidi.

Mwezi uliofuata akaja Afisa wa kuandikisha askari, na lori, na sajini mwenye utepe wa kupimia kifua. Alikuwa na barua ya Bwana DC, mkuu wa wilaya, kwamba aweza kuchukua wavulana wenye afya ambao kitabu cha shule kinaonyesha wametimiza miaka kumi na minane. Akaketi kwenye kiti changu, akafungua kitabu changu, akanakili majina saba. La tano lilikuwa la Chilumba. Akasema atarudi Jumatatu kuwachukua.

Chilumba alisimama mlangoni mwa ofisi akiuma ukosi wa shati, na ghafla nikamwona jinsi alivyokuwa: mtoto mwenye miguu mirefu. Nikamuuliza, huko kwenu mlitiwa jandoni mkiwa na kimo gani? Akanionyesha kwa mkono, chini ya kiuno chake. Akasema mwaka ule wanaume walikuwa wakichukuliwa na Mreno, wazee wakaogopa kwamba baba zao hawatakuwapo siku ya kuwatoa, basi wakawatia jandoni hata wadogo wa miaka sita. Sita na nane ni kumi na nne.

Nilimweleza Mwalimu Mkuu wa pale Newala, mtu mwema asiyependa makuu. Aliufunga mlango, akasema nane yaweza kugeuzwa nne kwa wembe na mkono mwepesi, na yeye hatakuwa ameona kitu. Nakiri kwamba nilikwisha kuushika wembe. Bibi Kimya ndiye aliyenikuta.

"Ukikwangua utamwokoa mmoja," alisema. "Halafu kitabu kitaendelea kusema uongo juu ya wale sita, na sahihi ni yako."

Nilimkasirikia sana. Nilimwambia ni rahisi kuwa mkweli kama mtoto si wako na kazi si yako. Hakunijibu, alikaa tu, na kimya chake siku ile nilikichukia. Lakini alikuwa amenichoma penyewe. Sikujua umri wa hata mmoja wa wale saba. Nilijua mwaka wao wa jando tu.

Kulikuwa na njia moja: kwenda bomani kwa Bwana DC, nikiri kosa, na mzazi atoe ushahidi wa mwaka wa kuzaliwa. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mama Chilumba hakuwa na karatasi yoyote. Kwa majirani alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, lakini kwa serikali hakuwapo kabisa, na kila aliyevuka aliogopa kwamba siku akijitaja bomani atarudishwa kwa Mreno. Ili kumnusuru mwanawe asiende jeshini ilimbidi afungue kinywa mbele ya serikali. Na aliyemfikisha hapo ni mimi, kwa kujumlisha kwa haraka.

Nilikwenda kwake nikamwambia yote. Alikuwa akitwanga mtama, hakuacha kutwanga mpaka nilipomaliza.

"Mwalimu, baba yake walimchukua nikakaa kimya," alisema. "Huyu sitanyamaza. Tutakwenda."

Tulikwenda watatu. Bibi Kimya aliketi ubavuni mwa Mama Chilumba kwenye benchi la boma, bega kwa bega, jambo ambalo makarani wa pale walilitazama kama maajabu. Bwana DC aliniita kwanza. Nilimweleza njia yetu ya kuhesabu na mahali ilipovunjika. Akauliza ni wavulana wangapi nimewaandika hivyo. Nikasema wote, Bwana. Uso wake ulikuwa mwekundu kuliko wino wa makosa. Alisema kwa hiyo kitabu kizima hakifai kitu, nami nikasema kwa safu ya umri, ndiyo, hakifai.

Kisha akamuuliza mama, mtoto alizaliwa lini. Mama Chilumba akasimama. Akasema alikuwa na mimba yake mwaka waliolazimishwa kupanda pamba badala ya chakula, na alijifungua wakati wa kupalilia, palepale shambani, msimamizi akitazama. Bwana DC akahesabu kwa penseli, akasema miaka kumi na nne. Karani wake, mtu mwenye bidii ya kupita kiasi, akainua kalamu na kuuliza kama aandike pia kwamba mwanamke huyu ametoka upande wa Mreno.

Mama Chilumba alikuwa bado wima, mikono imeshika kanga. Bwana DC alimtazama, akaitazama ile ndonya na zile chale, akaelewa kila kitu, maana hakuwa mjinga.

"Nimeuliza umri wa mtoto," akamwambia karani. "Andika umri."

Tulipotoka nje mama yule alikaa chini kwenye mchanga akalia, na mimi nikalia, na Bibi Kimya alipenga pua kwa leso kwa kelele nyingi. Jumatatu lori liliondoka tupu. Bwana DC aliagiza asichukuliwe mwanafunzi yeyote mpaka mzazi wake aje kusema umri mwenyewe. Si wote waliofurahi. Bakari, mmoja wa wale saba, aliutaka uaskari kweli, na muhula mzima hakunisalimu. Alipomaliza shule baba yake alimpa baraka akaenda, nami nikamwandikia barua ya tabia njema.

Kwangu adhabu ilikuja kwa bahasha: nihamishiwe Mnyambe, shule ya nyasi. Nilikwenda nimenuna, nikakaa miaka kumi na moja, nayo ndiyo miaka niliyoipenda kuliko yote. Wageni walizidi kuvuka, na sikumuuliza tena mzazi habari za jando. Nilimuuliza mama alikuwa akifanya nini siku aliyojifungua. Hakuna mama aliyesahau. Nilijaza daftari la miaka ya nzige, ya njaa na ya mvua iliyong'oa mihogo, na Mkaguzi wa Shule alipoliona akaamuru linakiliwe na shule nyingine. Hakusema lilitokana na kosa, nami sikumkumbusha.

Uhuru ulinikuta hukohuko. Miaka michache baadaye vita vilipowaka ng'ambo ya mto, Chilumba alikuja kuniaga. Alikwisha kujifunza uganga wa hospitali kule Ndanda, amepata mke na kazi ya uhakika, na sasa alikuwa anavuka kuwafuata wapiganaji akiwa na mkoba wa dawa. Nilijaribu kumzuia. Nilimwambia sikwenda kutetemeka mbele ya Bwana DC ili leo aende mwenyewe kwenye risasi.

Alinishika mikono yote miwili. "Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Safari hii nimehesabu mwenyewe."

Nilimwitikia marahaba, nikamsindikiza mpaka ukingo wa genge, na alipoanza kuteremka sikumwita arudi.