Mzinga wa Nyuma ya Tanuri

Zélie Barraud hakuwa mwoga, mtu asikudanganye. Alishazika watoto wawili, na Mei ile akamzika na mumewe Anselme, macho makavu mbele ya kijiji kizima. Kilichomtia hofu ni nyuki.

Kwetu bwana wa nyumba akifa, nyuki huambiwa siku hiyo hiyo. Unagonga mzinga kwa ufunguo, unaufunga kitambaa cheusi, unasema: bwana wenu amekufa, sasa ni mimi. Usipowaambia wanahama, na hawahami peke yao, wanaondoka na roho ya mtu wa nyumba ile. Zélie aliwaambia wote, ila mzinga wa nyuma ya tanuri ya mkate aliusahau. Na ndani, binti yake Aurore amelala na homa.

Kesho yake baada ya maziko akasikia mngurumo. Mzinga ule unamwaga nyuki kama maji! Alinyakua sufuria na kijiko, akawafuata akigonga, maana ukigonga nyuma yao hakuna wa kukunyang'anya, hata wakitua kwa mwingine.

Wakatua kwenye mplamu wa jirani yake, Ursin.

"Uliwasahau, eh?" Ursin akacheka. "Mjane gani wewe!"

"Funga domo lako, mzee. Aurore anaumwa."

Ursin akaenda kumletea kapu.

Padri alikuwa akipita, akataka kumtuliza. "Mama Zélie, bumba la nyuki kuhama ni kawaida. Hata jina tunaloliita, essaim, tumelirithi kutoka Kilatini, examen: waliosukumwa nje. Tena ulimi wa mizani, ile sindano ya kuonyesha uzito, Walatini waliuita examen vile vile, ndipo tukapata neno letu la mtihani."

Bora angekaa kimya.

"Waliosukumwa nje," Zélie akarudia. "Niliyewasukuma ni mimi. Na sasa ninapimwa."

Akavua kitambaa chake cheusi cha kichwani, akakifunga tawini, nyuki wakimtambaa mikononi. "Anselme amekufa," akawaambia. "Nisameheni. Mtoto mniachie."

Akalikung'uta bumba kapuni, akalirudisha nyumbani. Kwenye mlango wa Aurore akasimama, asithubutu kuusukuma, mpaka sauti ikatoka ndani:

"Mama, kelele gani zile? Nipe maji."

Aurore sasa ana wajukuu. Lakini Zélie, mpaka anaingia kaburini, neno lile, essaim, hakulitamka tena. Nyuki wakitoka alisema tu, "Wamekwenda matembezi," na ufunguo ameshaushika mkononi.