Leso Iliyofungia Sufuria

Daksha alikuwa mtu wa kuomba radhi. Akikanyagwa kwenye basi, yeye ndiye anayesema samahani. Alipohamia chumba cha juu katika nyumba ya Wembley ambamo mimi nilipanga chini, Februari ya mwaka 1968, alinibishia hodi kuniomba radhi kwa kilio cha mtoto ambacho hata sikuwa nimekisikia.

Mimi Time binti Matar, Mpemba, nilikuwa na mwaka wa nne London, nikisafisha wodi hospitalini. Yeye Mhindi wa Mombasa, wa Makupa, umri wake miaka ishirini na miwili. Yeye na mumewe Harshad waliwahi kuingia kabla sheria mpya haijawafungia mlango watu wa Afrika Mashariki wenye paspoti za Uingereza. Harshad alipata kazi ghalani Hayes, akitoka alfajiri na kurudi hana hata nguvu ya kuvua viatu. Daksha akabaki na Lila, mtoto wa miezi mitatu, na ngazi thelathini na mbili. Mwenye nyumba alikuwa amekataza kigari cha mtoto kisiwekwe mlangoni, na kukipandisha juu kila siku hakuweza.

Jumanne moja ya Machi aliniomba nimsindikize kliniki, mtoto akapimwe uzito. Kiingereza alikijua, ila kilimkwama kooni kila alipoulizwa swali. Alivaa koti la mumewe, vifungo vimefungwa mpaka kidevuni, na mbele limefura. Nikamuuliza Lila yuko wapi. Akagusa koti, akasema yumo humu, amelala, nje kuna baridi.

Koti lile sikulipenda tangu mlangoni. Lakini nami nimeambiwa mara nyingi kwamba nina kiherehere, basi nikanyamaza.

Tukapanda basi, tukakaa bega kwa bega. Nikawa nasikiliza. Lila namjua, analia basi likisimama na analia likiondoka. Kituo cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Nikajisemea, Time, mwache mtoto wa watu alale. Cha tatu, kimya tena, nikashindwa kuvumilia.

"Daksha, fungua koti."

"Atapata baridi, Bi Time."

"Fungua n'muone."

Akageuka kutazama nyuma. Viti viwili nyuma yetu walikaa wanawake wa Kihindi, mmoja alikuwa jirani yake kule Makupa. Akaninong'oneza, "Tushuke kwanza. Wataniona."

Sikungoja. Nilivuta koti, vifungo viwili vikaangukia sakafuni. Alikuwa amemfunga kwa sari ya nailoni, na nailoni haishiki. Ilikuwa imeteleza na mtoto akashuka nayo mpaka tumboni, amejikunja, kidevu kimekandamizwa kifuani, pua imezama kwenye nguo. Uso umelowa jasho. Midomo ilikuwa na rangi ambayo wodini naijua na siipendi.

Nikatia vidole chini ya kidevu nikakiinua. Hakuna kitu. Nikamtoa, nikamlaza mkononi, nikamsugua mgongo huku nikimwita jina lake. Sijui ilichukua muda gani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika nchi hii, na nimewahi kuogopa. Kisha akavuta pumzi ya mkwaruzo, akakunja uso, akalia mpaka dereva akageuka.

Daksha akaanza kuniomba radhi. Mimi, si mtoto. Nilitaka kumzaba kibao na nilitaka kumkumbatia, nikaishia kumshika mkono.

Daktari wa kliniki alimchunguza sana, akasema amepona, na akaonya asifunikwe tena namna ile. Kurudi, Lila nilimbeba mwenyewe mikononi, ngazi zote thelathini na mbili. Juu nikafunga mlango, nikamuuliza Daksha alikuwa anamficha mtoto asionwe na nani.

Ikatoka polepole. Kwao Mombasa, mtoto kubebwa kwa nguo ilikuwa kazi ya yaya. Yaya wao alikuwa Mgiriama, jina lake Mbodze, aliyewalea Harshad na ndugu zake wote, na Lila naye alimpokea tangu siku ya kuzaliwa. Daksha alimnyonyesha mwanawe, akambusu, akamrudisha kwa Mbodze. Mara moja tu alijaribu kujifunga leso ambebe mwenyewe, mama mkwe, ambaye yeye humwita Ba, akamuuliza kama ameajiriwa. Toka siku hiyo hakuigusa. Amemwona Mbodze akifunga kila siku ya Mungu, lakini kuona si kufanya. Huku London, anapotoka, njia nzima imejaa watu wa kwao, na angekufa kwa aibu barua ikifika Makupa kwamba mke wa Harshad anatembea na mtoto kifuani kama yaya. Ndiyo sababu ya koti.

Niliinuka niweke chai, maana ningebaki nimekaa ningesema maneno mabaya. Chini ya meza palikuwa na sanduku lao la vyombo. Sufuria zilifungwa kwa leso. Nikaivuta, na ikaendelea kuja, ndefu kuliko leso yoyote. Pamba laini, iliyofuliwa na kufuliwa. Vipande viwili vya doti vimeungwa ncha kwa ncha, mshono wa mkono, umerudiwa mara mbili.

Nikamuuliza ameipata wapi.

"Mbodze aliitia siku tunaondoka. Ni ya kufungia sufuria, zisigongane njiani."

"Mwanangu," nikamwambia, "hakuna mtu anayeunga leso mbili kwa ajili ya sufuria. Hii ni mbeleko."

Aliishika ile mishono akaipitishia kidole, mmoja mmoja. Hapo ndipo alipolia, na safari hii hakuomba radhi.

Tulianza na mfuko wa mchele. Sikumpa Lila mpaka mchele ulipokaa kifuani bila kuteleza, akitembea, akipanda, akishuka. Ukitaka kuokota kitu, nilimwambia, piga magoti, usiiname. Mfuko ulianguka mara tatu, na kila ukianguka alishtuka akakodoa macho kitandani alipolala Lila. Kisha tukamtia mwenyewe. Awe juu, ukiinamisha kichwa kidogo tu umbusu utosini. Nguo ibane, mgongo wake ushikwe, asiporomoke. Makalio yakae chini na magoti juu, mapaja yote yalale kwenye nguo, miguu isining'inie tu. Kidevu kisiguse kifua, vidole viwili vipite hapo. Koti livae, lifunge chini yake na ubavuni, lakini uso uwe nje uuone saa zote. Mgongoni asubiri shingo ikaze.

"Na wakiniona?" akauliza.

"Watakuona."

Wasiwasi haukumtoka. Alikuwa akishuka ngazi anasimama kila hatua ya tano, anatia vidole viwili, anasikiliza, anaendelea. Lakini alishuka. Yule jirani wa Makupa alimwona mbele ya duka la mboga, akamtazama kuanzia miguuni. Barua ikaenda, kwa hakika.

Mwezi wa Mei mama mkwe akapata karatasi zake za kuingia Uingereza. Harshad hakupewa ruhusa kazini, akaniomba nifuatane na mkewe uwanja wa ndege. Asubuhi ile nilimkuta Daksha amesimama katikati ya chumba, leso mkononi, koti la mumewe kitandani. Vile vifungo viwili alikuwa amevishona tena. Nilimwachia achague mwenyewe, nami nikihofia atakachochagua. Akajifunga leso.

Mama mkwe alitoka amevaa sari nyeupe ya ujane, mdogo wa umbo kuliko nilivyomdhania, amejikunyata kwa baridi. Aliitazama leso muda mrefu. Naamini aliitambua. Hakutaja yaya wala kazi. Tulipofika nje upepo ulivuma, na yule bibi, kwa huruma kabisa, akavua shali yake akaivuta kumfunika Lila uso.

Daksha akamshika kifundo cha mkono, akakizuia hewani. Mama mkwe alisema neno kwa Kigujarati ambalo sikulielewa. Daksha alimjibu kwa Kiswahili, lugha aliyoongea na Mbodze.

"La, Ba. Nataka kumwona anavyopumua."

Nilisubiri aombe radhi. Hakuomba. Akaichukua shali ile taratibu, akamvisha mama mkwe wake mabegani, kisha akatia vidole viwili chini ya kidevu cha mwanawe, na tukaenda kupanga foleni ya basi.