Almasi Yenye Tumbo

Shule niliishia darasa la tatu, na sioni haya kusema, maana wale niliowaacha darasani walikuja baadaye kuniomba kazi. Miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea mwisho nilikuwa na malori mawili, ploti yenye nyumba ya mawe pale Wabera, na hakuna boma kutoka Leparua mpaka Burat ambalo halikunijua. Hayo yote niliyapata kwa macho haya mawili. Katika soko la mifugo la Isiolo hakuna mtu aliyewahi kuniuzia ng'ombe wa chumvi.

Ng'ombe wa chumvi, kwa asiyejua, ni yule aliyelambishwa chumvi jana yake, halafu asubuhi ya soko akapelekwa majini akanywa mpaka tumbo likawa pipa. Ukimtazama unaona kilo. Ukimnunua, kabla lori halijafika Nanyuki amezikojoa kilo zote. Mimi tumbo nilikuwa sitazami. Nilikuwa napita nyuma, nashika shina la mkia, nabonyeza kiuno, basi, nimeshajua. Wazee wa Kiborana wakiniona nakuja walikuwa wanaambiana, "Huyu msimletee maji."

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyeenda kununua almasi.

Mwanamke niliyetaka kumwoa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti ya karani aliyeletwa hapa na serikali kutoka Meru. Kwao ni watu wa vitabu. Baba yake alipokea mbuzi wa mahari bila maneno mengi, lakini binti mwenyewe alikuwa na ombi moja. Alitaka pete ya uchumba ya almasi, kama aliyokuwa nayo mwalimu wake wa kike huko chuoni.

"Sitaki kubwa," aliniambia. "Hata ikiwa kama punje ya wimbi. Nataka tu iwake. Yule mwalimu akiandika ubaoni, tulikuwa tunaona cheche mpaka dawati la nyuma."

"Utapata. Wewe unaolewa na mwanamume."

"Lakini umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia."

Nilipeleka mbuzi Nairobi, nikawauza, na kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa sonara, mzee wa Kihindi mwenye miwani mizito. Aliweka mawe mawili juu ya kitambaa cheusi, moja dogo na moja kubwa karibu mara mbili yake. Bei ilikuwa karibu sawa. Nikamwuliza ni biashara gani hiyo.

"Hili dogo limekatwa vizuri," akasema. "Mwanga unaingia juu, unagonga kuta za chini, unarudi kwenye jicho lako. Hili kubwa, aliyelikata alikuwa na tamaa ya uzito, akaliachia tumbo huku chini. Mwanga ukiingia unapotelea humo. Uzito upo, lakini uko mahali hakuna mtu anaona."

Nikacheka. "Mzee, mimi ni mtu wa ng'ombe."

"Basi utanielewa haraka. Yachukue uende nayo pale mlangoni. Humu ndani nimeweka taa kali, hata kipande cha chupa kitameta. Huko nje ndiko utaona."

Mlangoni sikwenda. Nilijua ameona viatu vyangu vyenye mavi ya mbuzi, akaamua kwamba mtu wa viatu hivyo saizi yake ni jiwe dogo. Tena sokoni kwetu, mwenye mali akikusukumia mnyama mmoja, wewe unachukua yule mwingine. Sheria hiyo ndiyo iliyoninunulia malori. Nikachukua kubwa.

"Ni ya mke au ni ya watu?" yule mzee akaniuliza.

Nikamwambia afunge.

Jumapili iliyofuata nilimvisha binti pete mbele ya baba, mama na shangazi yake. Shangazi akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Mwenyewe alitabasamu, akainuka, akaenda dirishani. Akageuza mkono hivi, akageuza vile. Jua la saa tisa lilikuwa linaingia lote, na lile jiwe halikurudisha kitu. Katikati lilikuwa na weusi, kama jicho la mbuzi aliyekufa.

"Imelala," akasema.

"Mwanangu, jiwe lote hilo," shangazi akamwambia. "Unajua watu watasema nini?"

"Watasema ni kubwa, shangazi." Kisha akanigeukia. "Walikuonyesha lingine?"

"Moja, dogo. Mzee mwenyewe alikuwa ananisukumia. Nikakataa."

"Lile dogo lilikuwa linawaka?"

Ningeweza kudanganya. Sokoni nimedanganya kwa mambo madogo kuliko hayo. "Lilikuwa linawaka," nikasema.

"Na alikwambia kwa nini hili haliwaki?"

"Aliniambia."

"Basi ulijua."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesahihisha daftari.

Baada ya wiki mbili baba yake alikuja na pete imefungwa kwa karatasi ya daftari. Alirudisha mbuzi wangu wote, na waliokuwa wamezaa akawarudisha na watoto wao. Binti akaolewa na bwana shamba wa baiskeli, aliyemvisha pete ya fedha isiyo na jiwe lolote. Nilitangaza mji mzima kwamba atajuta. Nikikutana naye mpaka leo ananisalimia vizuri, na salamu hiyo ndiyo inanichoma.

Mimi nilioa miaka ya themanini, mwanamke wa biashara sokoni, nikamvisha pete ileile. Anaipenda. Wenzake wanamshika mkono na kumwambia, "Mama, hii ni kubwa." Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama inawaka.

Kuna wakati nilirudi kwa sonara. Mzee alikuwa amefariki, nikamkuta mwanawe. Akasema jiwe linaweza kukatwa upya, tumbo litolewe, litaamka, lakini litabaki dogo. Nilipomweleza mke wangu, alificha mkono ndani ya leso.

"Uifanye ndogo? Watu watasema umefilisika."

Pete ikabaki ilivyo. Asubuhi ananimiminia chai, na lile jicho jeusi linanitazama juu ya kikombe. Kutoka meza ya yule mzee mpaka mlangoni hazikuwa hatua kumi.