Mchumba wangu alinibandikia kosa la code yake, na Jumamosi wazee wao wanakuja kwetu

Admin, ficha jina langu tafadhali, hapa ofisini wote wanafuata hii page.

Mimi ni msichana wa miaka 27, kwetu ni Kakamega lakini kazi iko Eldoret town. Tunatengeneza system ya wakulima wa maziwa. Mkulima wa kule Ziwa, nje ya town, akishapimiwa maziwa asubuhi, anaangalia rekodi yake kwa simu. Shida ni kuwa kila asubuhi system inakwama, wakulima wanatupigia wakitutukana. Bosi anaifungua mchana, akiwa peke yake, inafunguka mara moja. Anasema, "Si iko sawa? Hiyo ni network yao."

Nikaamua kuipima wakati wa maziwa yenyewe, wakulima wote wakiwa ndani ya system. Kuna programu ya kupima, inakuonyesha ni code gani inakula muda. Weh! Kumbe zile thread zote, yaani wafanyakazi wa ndani wa system, hazikuwa zinafanya chochote. Zimepiga foleni zikingoja kufuli moja, kila moja iingie peke yake ifungue rekodi. Kama ploti nzima ya wapangaji na choo kimoja. Ndio maana mtu akiingia peke yake mchana haoni shida.

Hiyo kufuli aliiweka mchumba wangu. Ndiye senior wetu, na ndiye aliniingiza hii kazi. Kwa heshima nikamwonyesha yeye kwanza, kando, nisimwaibishe. Akaniambia, "Asante dear, niachie hii nitaipanga."

Aliipanga kweli. Kwa mkutano alisimama na vipimo vyangu, akasema amegundua kosa, na kosa ni langu, eti mimi ndiye niliiweka hiyo kufuli! Bosi akaniambia mbele ya watu, "Madam, umetuaibisha kwa wakulima. Mwezi ukiisha utafute pengine." Mwanaume wangu akaangalia laptop yake. Baadaye ananiambia, "Vumilia babe, lazima mmoja wetu abaki na kazi ndio tuoane." Shenzi kabisa. Nimelia mpaka macho yamevimba.

Sasa Jumamosi wazee wao wanakuja kwetu kuongea mambo ya mahari. Nikimwanika kwa bosi, harusi imekufa. Nikinyamaza, naolewa na mtu aliyenichimbia shimo huku akiniita babe. Mama hajui chochote. Ashachagua hadi jogoo wa kuwachinjia wageni, na kila akinipigia simu anacheka tu. Nyinyi wenye mmeolewa, nisaidieni: huyo mama nimwambie nini?