Kidonge cha Presha Hakiombwi Kama Chumvi

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni Mwanahamisi wa hapa kisiwani Chole, mtu nisiyejua kutulia tangu utoto. Enzi zile za ujamaa nilikuwa nikitoka shamba la kijiji nakwenda kuchota maji, kisha nakaa na wenzangu kusuka ukili wa mikeka. Hakuna aliyeniweza kwa kasi, na nilijisifu.

Kichwa kikaanza kuniuma kisogoni. Moyo unakwenda mbio, usingizi sipati. Nikavuka kwa mashua hadi Utende, nikadandia lori mpaka hospitali Kilindoni. Daktari akanipima, akasema ni presha, nimeze kidonge kila siku hata nikijiona mzima.

Habari ya vidonge ikazagaa. Kwetu jirani akiomba chumvi humnyimi, basi na kidonge kikawa chumvi. Huyu kichwa, yule kizunguzungu. Aliyezidi ni wifi yangu Mize. Ningemnyimaje dada wa mume wangu, tena mbele ya wanawake? Ningeitwa mchoyo kisiwa kizima. Vidonge vikaisha mapema, nami nikaona nimeshapona, safari ya nini tena.

Siku moja ukili ukanidondoka. Mkono wa kushoto umekufa ganzi, mdomo umekwenda upande, mate yananichuruzika. Watu wakasema ni shetani, ipigwe ngoma. Mume wangu akakataa, akanibeba hadi mashuani.

Nililazwa muda mrefu. Nililia, nilikasirika, hata kanga nilifungwa na wengine. Daktari akauliza vidonge vimekwenda wapi. Mume wangu akamjibu kwamba vimeliwa na kijiji.

Niliporudi, nachechemea na mkongojo, Mize akaja kuomba tena.

"Wifi, sikupi."

"Umekuwa mchoyo siku hizi?"

"Nimekuwa. Twende ukapimwe."

Akanuna, akaacha kunisemesha. Lakini kichwa hakikumwacha, na mwisho tukavuka pamoja. Presha yake ilikuwa juu kuliko yangu.

Alhamdulillahi, mkono umerudi. Nasuka polepole, na huo upolepole unaniudhi. Namshukuru mume wangu, namshukuru daktari. Nanyi mkiombwa kidonge, nyimeni, kisha mshikeni mkono huyo mwombaji mwende naye hospitali. Mimi nilikuwa mkarimu, na ukarimu wangu ulikuwa ukituua sote wawili.