Godoro la Mbolea

Nilikuwa fundi wa makochi pale Majengo, Meru, na sponji nilizijua tabia zake. Ndiyo maana kila Julai, baridi inapokaza, nilikosa raha. Mama yangu, mjane mwenye kichwa kigumu huko Kanyakine, alikuwa na desturi ya kuingiza jiko la makaa chumbani na kuliweka ubavuni mwa kitanda chake kifupi chenye godoro la sponji. Nilimkanya, nikamwomba, nikamnunia.

"Baridi hii inakuuma wewe au mimi?" Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Sponji ya kawaida ikishika moto haikupi nafasi. Inayeyuka, inadondoka huku ikiwaka, na moshi mweusi unajaa nyumba. Siku moja muuzaji wa jumla aliniletea sponji nzito kidogo, iliyochanganywa na unga wa melamini, ambao una naitrojeni tele. Moto ukiugusa, alisema, unga ule unameza joto, kisha unatoa gesi zisizowaka zinazosukuma hewa kando, na moto bila hewa hauendi mbali. Mimi siamini mdomo wa muuzaji. Nilikata vipande viwili, nikaenda nyuma ya duka na kiberiti. Cha kawaida kiliteketea chote. Cha pili kiliungua ukingoni, kikafanya gamba jeusi, kikazimika chenyewe. Kwenye moto mkubwa nacho kingeungua, lakini mama hakuhitaji muujiza. Alihitaji nafasi ya kutoka.

Pasaka nikampelekea godoro la sponji ile. Kosa langu lilikuwa kujifanya msomi: nilimwambia lina naitrojeni, ile ile ya kwenye mbolea.

"Unataka nilale juu ya mbolea? Nichipue?"

Nilipomtembelea tena, godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani, kona moja imekatwa. Kona hiyo alikuwa ameifukia chini ya mgomba wake dhaifu. Nilikasirika, nikarudi Majengo siku hiyo hiyo.

Julai ikafika. Jumapili moja asubuhi jirani yake akanipigia simu: mama alikuwa akivaa aende kanisani, akalikwaa jiko, makaa yakamwagika kitandani. Simu ikakatika. Sikujua ni godoro lipi lililokuwa kitandani, nikapanda gari la kwanza la Kanyakine.

Nilimkuta uani, amekalia debe, anakunywa chai. Alikuwa ametoka kwa miguu yake, akarudi na ndoo ya maji. Godoro lilikuwa limeburutwa nje: shimo jeusi la ukubwa wa sahani katikati, na kona moja haipo. Nilikaa chini mavumbini, nikalia kwa furaha, bila aibu yoyote.

"Ulianza kulilalia lini?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole kwenye ule mgomba, ambao sasa ulikuwa umekauka.

"Nilingoja mwezi mzima, haukuongeza hata jani moja. Nikajua hiyo si mbolea, nikalala."