Kumtafuta Mchoma Mkaa Aliyeokoa Hewa

Nilisafiri kwa sababu nchi za mbali zimeanza kutoza moshi. Kiwanda cha huko kikitoa moshi, hulipa; lakini kikigharimia miti ya kijiji cha Didia, huku kwetu Shinyanga, isikatwe, huendelea na moshi wake bila wasiwasi. Mradi unaosimamia miti hiyo ukanipa mimi, mwalimu mstaafu, kazi ya heshima: nikampige picha Masanja, mchoma mkaa aliyeachishwa mkaa na kupewa mizinga ya nyuki.

Saa mbili asubuhi niliondoka Shinyanga mjini kwa bodaboda. Didia nilikuta ngitili, yale malisho yanayotengwa, imestawi kwelikweli, wala hakuna tanuri hata moja linalofuka. Ilipendeza, siwezi kukataa. Masanja tu ndiye hakuwepo. Mkewe, Mama Mhoja, alikuwa akitoa mayai ndani ya mzinga.

"Shikamoo, mwalimu. Nyuki hawakuja, nikawapa kuku."

"Marahaba. Baba Mhoja yuko wapi?"

"Mwakitolyo, kwenye dhahabu. Mkaa mmemkataza, nyuki wamemkataa. Ukimwona mwambie arudi. Mimi naogopa, yale mashimo yanafukia watu."

Saa nane mchana niliingia Mwakitolyo, vumbi limenijaa mpaka kwenye meno. Masanja alikuwa kwenye mdomo wa duara, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu, akipanga magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke.

"Magogo ya wapi haya?"

"Porini huko Ushirombo. Yanakuja na lori." Akacheka. "Ya Didia si yana wenyewe Ulaya?"

Basi Didia imepona, Ushirombo inaugua. Fomu niliyopewa na mradi ilikuwa na nafasi ya Didia tu.

Nikamfikishia ujumbe wa mkewe.

"Nirudi nikafanye nini, mwalimu? Nikaitazame miti ikikua?"

Akajifunga kamba, akashuka. Nilichungulia, nikaona giza tu.

Kesho yake asubuhi nilipitia Didia. Njia nzima nilikuwa nimejipanga kumwambia Mama Mhoja kwamba mumewe anapanga magogo tu, huko juu.

"Anashuka shimoni?" akaniuliza kabla sijakaa.

Nilikohoa weee. "Anashuka."

Hakulia. Aliingia ndani, akatoka na Mhoja mgongoni na furushi kichwani.

"Gari la Mwakitolyo linaondoka saa ngapi?"

Nikamwonyesha kituo, nikiona aibu. Nilichojifunza ni kwamba mti unaweza kulipiwa ukae, mtu akahama. Mjini niliandika ukweli mtupu, na mradi ukafurahi sana: kaya nzima ya Masanja imeachana na mkaa.